Chuma cha Nyumbani na Uzito Wake wa Kweli

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo, na barabara iendayo Njombe na Songea huanzia hapo hapo. Tena pana stesheni ya reli ya TAZARA, ile reli ya kilometa 1,860 iliyojengwa toka mwaka 1970 hata mwaka 1975. Kwa sababu hiyo mizigo haikomi katika mji huu. Mchana na usiku watu hupakia na kupakua viazi, mahindi, mbao na saruji. Mtu akishika njia ya kusini kwa mwendo wa wapata kilometa 60 hufika Njombe, mji ulio juu milimani, penye baridi kali, hasa mwezi wa Juni na wa Julai.

Katika miji hii, kama katika miji mingine mingi ya Afrika ya Mashariki, wako vijana wapendao kuzoeza miili yao kwa kunyanyua vyuma. Lakini vyuma vya dukani ni ghali, nao wengi hawana fedha za kuvinunua. Basi hujitengenezea wenyewe. Hutafuta makopo mawili ya rangi yaliyokwisha kutumika, na bomba moja la chuma lenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Huchanganya saruji, mchanga, kokoto na maji, wakapata zege. Hulimimina zege katika kopo la kwanza, wakasimamisha ncha ya bomba ndani yake, wakaliacha ligande. Likiisha kuwa gumu, hulipindua bomba, wakafanya vivyo hivyo kwa kopo la pili. Kazi ikiisha, wana chuma cha kunyanyua kilicho imara, tena kwa gharama ndogo.

Kazi hii ni njema, nayo yaonyesha akili. Lakini chuma hicho kina upungufu mmoja: hakuna ajuaye uzito wake. Chuma cha dukani kimeandikwa uzito wake na mtu aliyekipima. Cha nyumbani hakikuandikwa neno lo lote, ila lile jina la rangi lililo juu ya kopo, pamoja na tarakimu 4. Hapo ndipo kosa linapozaliwa. Kijana huitazama ile tarakimu, akasema, “Kopo hili ni 4, na hili ni 4, jumla 8. Bomba tulifanye 2. Basi chuma hiki ni kilo 10.” Kisha humwita mdogo wake wa miaka kumi na miwili, akamwambia, “Njoo, bwana mdogo, nyanyua. Ni kilo 10 tu.”

Mtoto yule hainami kwa uangalifu, maana ameambiwa mzigo ni mwepesi. Huvuta kwa nguvu za ghafula, na mgongo wake umepinda. Kumbe chuma kile si kilo 10, bali ni kilo 22, yaani zaidi ya mara mbili ya ule uzito alioambiwa. Mishipa na nyama za mgongo huweza kuumia kwa mvuto mmoja tu wa namna hiyo, na maumivu yake huweza kukaa muda mrefu. Kwa hiyo kujua uzito wa kweli si mchezo wa hesabu tu, bali ni kuulinda mwili.

Lita si kilo

Yule kijana hakukusudia kusema uongo. Alichanganya vipimo viwili. Ile tarakimu 4 juu ya kopo ni lita 4, wala si kilo 4. Lita hupima nafasi, yaani kiasi cha kitu kiwezacho kuingia katika chombo. Kilo hupima uzito. Vipimo hivi viwili hukutana katika kitu kimoja ambacho kila mtu hukijua, nacho ni maji: lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja. Kwa kuwa watu wamezoea maji, hudhani kwamba ndivyo ilivyo kwa vitu vyote. Lakini sivyo. Lita moja ya mafuta ya taa haifiki kilo moja. Ni wapata gramu 800. Lita moja ya mchanga mkavu ni wapata kilo 1 na nusu. Lita moja ya zege lililogandamana vizuri ni baina ya kilo 2.2 na kilo 2.4. Na chuma kitupu, lita moja ni karibu kilo 8. Hasa ni kilo 7.85.

Basi mtu akijaza zege katika ndoo ya rangi ya lita 20, hana mzigo wa kilo 20. Ana mzigo wa kilo 44 hata kilo 48, ambao umekaribia mfuko mzima wa saruji wa kilo 50.

Wazee wa zamani walilijua sana jambo hili. Walipouza nafaka walipima kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Hivyo vilikuwa vipimo vya nafasi, nao hawakudhani kwamba pishi ya kitu kimoja yalingana kwa uzito na pishi ya kitu kingine. Lakini pembe za ndovu hazikuweza kupimwa kwa pishi. Zilipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35, yaani wapata kilo 16. Kila kitu kilikuwa na kipimo chake.

Shahidi wa kwanza: hesabu

Neno kubwa lisilothibitishwa na mashahidi haliaminiki upesi. Uzito nao una mashahidi watatu, nao ni hesabu, mizani na kamba.

Hesabu yahitaji utepe wa kupimia tu. Tuseme kopo lina upana wa sentimeta 16 na kimo cha sentimeta 20. Nusu ya upana ni 8. Nane mara nane ni 64. 64 mara 3.14 ni karibu 201. Na 201 mara 20 ni 4,020. Hizo ni sentimeta za ujazo, na 1,000 kati yake hufanya lita moja. Basi kopo ni lita 4.02, kama lilivyoandikwa.

Lakini ndani ya kopo zege halikujaza nafasi yote, maana ncha ya bomba imo humo. Tuseme bomba lina upana wa sentimeta 3.4, nalo limezama sentimeta 15. Nusu ya upana ni 1.7, 1.7 mara 1.7 mara 3.14 mara 15 ni karibu 136. Nafasi hiyo ni ya bomba, si ya zege. Ondoa 0.14 katika 4.02, itabaki lita 3.88 za zege katika kila kopo.

Zege likiwa na uzito wa kilo 2.2 kwa lita, kopo moja litakuwa na kilo 8.5. Likiwa na kilo 2.4 kwa lita, litakuwa na kilo 9.3. Kwa makopo mawili ni kilo 17 kwa uchache, na kilo 18.6 kwa wingi.

Sasa ni zamu ya bomba. Upana wake wa nje ni sentimeta 3.4, na unene wa ukuta wake ni sentimeta 0.3, kwa hiyo upana wa ndani ni 2.8. Nusu zake ni 1.7 na 1.4. Moja nukta saba mara yenyewe ni 2.89, moja nukta nne mara yenyewe ni 1.96, tofauti yake ni 0.93. Zidisha kwa 3.14, upate 2.92. Urefu wa bomba ni sentimeta 150. Basi chuma chake ni sentimeta za ujazo 438. Kila moja ina gramu 7.85. Jumla yake ni karibu gramu 3,440, yaani kilo 3.4. Makopo matupu, tuseme, yana gramu 300 kila moja, yaani kilo 0.6 kwa yote mawili.

Jumla ya vyote ni baina ya kilo 21 na kilo 22.6. Shahidi huyu hasemi neno moja la hakika, kwa sababu zege si la namna moja. Lenye kokoto nyingi huwa zito, na lenye mchanga mtupu au mapovu ya hewa huwa jepesi kidogo. Hata hivyo ametosha kuukataa ule usemi wa kilo 10.

Shahidi wa pili: mizani

Mizani si adimu katika nchi ya Njombe. Wanunuzi wa viazi na mahindi wanazo, na zahanati zina mizani ya kupimia watu. Mizani ya kupimia watu ni ndogo, na chuma kirefu hakikai juu yake vizuri. Lakini njia iko. Mtu mzima husimama juu ya mizani mikono mitupu, na uzito wake huandikwa. Kisha husimama tena ameshika chuma, na uzito wa pili huandikwa. Akiwa kwanza kilo 54, kisha kilo 76, chuma ni tofauti yake, yaani kilo 22. Neno la mizani limeingia katikati ya yale mafungu mawili ya hesabu, basi mashahidi wawili wamepatana.

Lakini shahidi mwenyewe naye yafaa achunguzwe. Kwanza, mizani ikiwa tupu sharti ionyeshe sifuri. Pili, yafaa ijaribiwe kwa kitu kijulikanacho. Dumu tupu hupimwa, kisha hutiwa lita kumi za maji, zilizopimwa kwa chupa ya lita moja, moja baada ya moja. Uzito ukiongezeka kilo 10, mizani ni ya kweli. Ukiongezeka 9 au 11, mizani ina kosa. Haifai kuyatumaini maandishi ya dumu, kwa maana dumu la lita 20 likijazwa mpaka mdomoni huchukua zaidi ya lita 20.

Mizani ni za namna mbili. Iko mizani yenye mikono, ambayo hulinganisha mzigo na mawe ya mizani. Na iko mizani ya kamani, yaani waya uliosokotwa, ambao huvutika mzigo unapoutundikia. Mizani ya kamani hupima jinsi dunia ivutavyo mzigo, na mvuto huo hupungua kidogo mtu apandapo milimani. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Mizani ya kamani iliyosawazishwa pwani, ikiletwa Njombe bila kurekebishwa, huonyesha kilo 100 kuwa pungufu kidogo, lakini pungufu hiyo haifiki gramu 100. Mizani ya mikono haina tofauti hiyo, kwa sababu mzigo na jiwe hupungukiwa sawasawa. Basi mtu asiseme kwamba mizani yake imekosa kilo nzima kwa ajili ya milima.

Shahidi wa tatu: kamba

Jumla ya kilo 22 haitoshi kujulikana. Yafaa kujua pia kama pande mbili zinalingana. Upande mmoja ukizidi, chuma huinama, na mwenye kukinyanyua hupindisha kiuno apate kukisawazisha. Uti wa mgongo hupata taabu zaidi kwa kupindishwa hivyo kuliko kwa uzito ulionyooka.

Hapo yatakiwa kamba moja tu. Kamba hufungwa katikati ya bomba, na chuma huning'inizwa chini chini, kisije kikaangukia miguu ya mtu. Kikikaa sawa, pande zote ni sawa. Kikiinama, kamba husogezwa kidogo kidogo kuelekea upande mzito, mpaka chuma kikae sawa. Kisha hupimwa umbali toka kamba mpaka katikati ya bomba.

Tuseme umbali huo ni sentimeta 3, na toka katikati ya kopo moja mpaka katikati ya kopo la pili ni sentimeta 130, ambazo nusu yake ni 65. Kanuni ni hii: uzito wote huzidishwa kwa umbali wa kamba, kisha hugawanywa kwa ile nusu. Ishirini na mbili mara 3 ni 66. 66 kwa 65 ni karibu 1. Basi kopo moja limelishinda jingine kwa kilo moja. Ni kanuni ile ile ya nyenzo aliyoieleza Archimedes, mtaalamu wa Kiyunani, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwenye chuma akiisha kujua tofauti, huchonga zege la upande mzito kwa tindo, akaning'iniza tena mpaka pande zilingane. Kisha hupima uzito upya.

Neno moja zaidi halifai kusahauliwa. Zege bichi lina maji, na sehemu ya maji hayo hukauka na kupotea. Kwa hiyo chuma kilichopimwa siku ya kwanza huwa kizito kuliko kitakavyokuwa baadaye. Yafaa kungoja mwezi mmoja, ndipo kupima na kuandika uzito kwa rangi juu ya kopo, pamoja na tarehe. Na ile tarakimu 4 ya zamani ifutwe, isije ikamdanganya mwingine.

Kipimo kimoja kwa watu wote

Katika mashindano makubwa ya dunia ya kunyanyua vyuma, mtaimbo wa wanaume ni kilo 20, na wa wanawake ni kilo 15. Visahani vyake hujulikana kwa rangi: chekundu ni kilo 25, cha buluu kilo 20, cha manjano kilo 15, na cha kijani kilo 10. Mtaimbo wa kilo 20 hauruhusiwi kuzidi kwa gramu zaidi ya 20, wala kupungua kwa gramu zaidi ya 10. Sababu yake ni nini? Ni kwamba mtu wa Tanzania na mtu wa China wanyanyue kitu kimoja, asiwepo mwenye kujisifu kwa uzito usiokuwapo.

Kilo yenyewe nayo ililindwa kama hazina. Toka mwaka 1889 kilo ya dunia ilikuwa pande moja la madini ya platini na iridi, lililowekwa Sèvres karibu na Paris, katika nchi ya Ufaransa. Mwaka 2019 wataalamu waliliacha pande hilo, kwa kuwa kitu cho chote kilichofanywa kwa mikono huweza kubadilika kwa muda. Sasa kilo hutegemea kipimo cha maumbile ya dunia kisichobadilika.

Kutoka kopo hata gunia

Mtoto aliyejifunza kupima chuma cha nyumbani amejifunza pia kulinda mali ya wazazi wake. Nchi ya Njombe ni nchi ya viazi mviringo. Huko shambani wako wanunuzi watakao gunia lijazwe hata mdomoni, kisha liongezwe kichwa cha viazi juu yake na kushonwa kwa kamba. Gunia hilo huitwa lumbesa. Huhesabiwa kuwa gunia moja, na hulipwa bei ya gunia moja. Kosa lake ni lile lile la kopo la rangi: watu wametaja chombo mahali pa uzito.

Tuseme gunia la halali ni kilo 100, na lumbesa moja ni kilo 130. Mkulima auzaye magunia kumi ya namna hiyo ametoa kilo 300 bure, ambazo ni magunia matatu mazima ya jasho lake. Tena mchukuzi aliyebebeshwa mzigo ule mgongoni hajui kilo zake, ila mgongo wake wazijua. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Ulimwengu lilishauri kwamba mzigo wa mwanamume mzima, abebaye kwa mwili wake, usizidi kilo 55. Serikali ya Tanzania ina Sheria ya Vipimo, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, hukagua mizani za biashara na kuzitia alama, na hukataza lumbesa. Lakini sheria humsaidia zaidi yule ajuaye kupima.

Basi macho hudanganyika, na maandishi ya kopo yaweza kuwa ya kitu kingine kabisa. Hata mkono hudanganyika, maana mtu aliyechoka huona kilo 10 kuwa 20. Mwenye busara hasemi, “Naona ni kilo kadha.” Hupiga hesabu, huweka juu ya mizani, hutundika kwa kamba, na mashahidi watatu wakipatana, ndipo huandika.

Maswali

1. Kwa nini lita 4 za zege si kilo 4?
2. Ndoo ya lita 10 imejazwa zege lenye uzito wa kilo 2.3 kwa lita. Zege hilo lina kilo ngapi?
3. Mtu ana kilo 61. Akishika chuma, mizani yaonyesha kilo 87. Chuma kina uzito gani?
4. Chuma cha kilo 26 kimekaa sawa kamba ikiwa sentimeta 5 toka katikati. Umbali baina ya makopo ni sentimeta 130. Upande mzito umeuzidi mwepesi kwa kilo ngapi?
5. Mkulima ameuza lumbesa 8 za kilo 125 kila moja, akalipwa kama kwamba kila moja ni kilo 100. Amepoteza kilo ngapi?